Nakala ya Tarehe Sita Machi

Jumanne ile, saa nne na dakika kumi asubuhi, maji ya mvua yaliingia chumba cha seva cha ofisi ya ardhi ya Puerto Lagarto, yakapanda mpaka rafu ya pili. Zoraida Quimí, injinia wa mitambo, alikuwa mlangoni na buti zake, kikombe cha kahawa mkononi. Alimaliza kahawa kwanza. Kisha akampigia simu Mauro Chiliquinga, msimamizi wa kituo cha akiba kule milimani Chuquipamba, panapotunzwa nakala ya daftari la ardhi la mkoa.

"Mauro, nakuletea mkoa mzima. Uko tayari?"

"Mimi niko tayari tangu mwaka juzi, Injinia. Ni nyie wa pwani mnaongoja mpaka mfuliwe na nguo mwilini."

"Vua hiyo ponchi ya pili ya sufu ufanye kazi. Nazima huku, washa huko."

Mwongozo wa maafa ulitoa muda wa saa tatu. Wao walimaliza kwa dakika kumi na nne. Zoraida ndiye aliyeuandika mwongozo ule, hatua kwa hatua, na hakuna hatua iliyomwangusha. Madirisha ya huduma yalifunguliwa, makarani wakaliona daftari la ardhi kwenye skrini zao kama siku zote, na mteja wa kwanza akaondoka na cheti chake.

Kabla ya saa tano Washington Mite, karani wa dirisha la pili, alirudi kutoka kununua ndizi za kuponda, akasema nyumba za Las Conchas zimerudi.

"Zote?" Zoraida akauliza.

"Zote thelathini na moja. Na mikoko yake. Doña Petita, yule bibi wa kombe, amenisimamisha barabarani, anauliza mama yangu anaendeleaje."

Las Conchas kilikuwa kitongoji cha waokota kombe, wale chaza wa mikokoni. Miaka mitatu nyuma, kampuni ya kufuga kamba wa baharini ilileta matrekta, ikabomoa nyumba, ikang'oa mikoko na kuchimba mabwawa. Wenyeji walitawanyika kwa jamaa zao mjini. Asubuhi hii, wakati Mauro alipowasha mitambo, kila mmoja wao alikuta ufunguo wa zamani mfukoni, akaaga pale alipokuwa, akaenda kwake.

Zoraida akapiga simu tena. "Nakala yako ni ya lini?"

Mauro aliisoma kwenye skrini. "Tarehe sita Machi. Ya miaka mitatu iliyopita."

"Mbona ripoti inaniambia salama kila asubuhi? Tena kwa kijani?"

"Ripoti inaangalia kama mashine zinawaka, dada yangu. Haiangalii kama kuna kitu kinafika. Waya wa njiani ulikatika. Nimeandika barua mbili, wakanijibu wamezipokea."

Hati ya kampuni ya kamba ilisajiliwa tarehe kumi na moja ya mwezi ule ule, siku tano baada ya nakala. Zoraida aliikumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na yeye ndiye aliyeitwa kufungua mfumo. Aliona majina thelathini na moja yakiuza ardhi kwa alama thelathini na moja za dole gumba, zote za dole lile lile, lenye kovu la kukingama katikati. Aliuliza mara moja tu. Akaambiwa kazi yake ni mashine.

Mchana alikwenda Las Conchas. Petita Tomalá, mama wa miaka sabini, alikuwa barazani akipasua kombe. Alimsogezea kiti na bakuli, kombe mbichi kwenye maji ya ndimu, na ndizi za kukaanga pembeni.

"Kula, mwanangu. Umekonda, hizo mashine zinakunyonya." Alimwacha ale kwanza. "Haya, niambie. Tutakaa mpaka lini?"

"Mpaka nikaushe seva. Siku nne."

"Basi siku nne si haba," alisema Petita, akamwita mjukuu wake waanike magodoro.

Zoraida alikuwa amefanya kazi miaka kumi na sita bila kosa. Pale barazani, akiwa na ndimu midomoni, aliona aibu, na hakujua aiweke wapi.

Hata hivyo hakuweza kuuacha mji kwenye nakala ile. Upande wa kaskazini, mtaa mpya wa walimu haukuwepo tena. Familia arobaini zilizonunua viwanja vyao kwa haki zilikuwa zimekaa nyasini na makochi na televisheni, zimefunikwa maturubai, zikiuliza kwa upole ni lini.

Alhamisi mkurugenzi, wakili Wellington Arboleda, alimwita ofisini. Pembeni yake alikaa meneja wa kampuni ya kamba, matope yaliyokauka mpaka mapajani. Siku ile ya mafuriko alikuwa kwenye ukingo wa bwawa lake lilipogeuka mikoko.

"Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa Jumatatu," alisema mkurugenzi.

"Nitarudisha, na hautapotea mstari hata mmoja," alisema Zoraida. "Ila kituo cha akiba nacho lazima kilingane. Hati za miaka mitatu zitaingizwa kwa mkono, kila moja kutoka karatasi yake halisi. Ndivyo mwongozo unavyosema."

"Injinia, usinichoshe na mwongozo. Niletee nisaini."

Akasaini bila kusoma.

Jumamosi saa kumi jioni Zoraida alirudisha mitambo pwani. Haukupotea mstari hata mmoja. Walimu walizikuta nyumba zao na vikombe mezani, na Las Conchas ikawa mabwawa tena.

Mauro alichapa hati kwa miezi miwili: za walimu, ya mwokaji mikate, za maharusi wawili waliojenga karibu na kituo cha mabasi. Karatasi halisi ya hati ya kampuni haikuonekana kwenye kabati lolote. Zoraida aliiomba kwa barua, tena kwa barua, na kwa kuwa haikuletwa haikuingizwa; kwenye akiba Las Conchas ikabaki ya wenyewe. Bajeti ya waya haikupita. Hati mpya hupanda mlimani kila mwezi kwa basi, ndani ya boksi.

Sheria inataka zoezi la kuhamia akiba mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Zoraida hulipanga Ijumaa mpaka Jumapili. Mitambo huhama kwa dakika kumi na tatu sasa, na watu wa Las Conchas hufika na sufuria na magodoro yao. Petita alipeleka kesi kortini. Jaji alimsikiliza vizuri, akasema mahakama hufuata daftari kuu, na daftari kuu linasema ardhi iliuzwa.

Jumapili ya Aprili iliyopita, ilipokaribia saa kumi, saa ya mitambo kurudi pwani, Petita alifagia sebule, akafunga mlango, akateremka ngazi na sufuria ya wali wa kombe ingali ya moto. Mlinzi wa kampuni, bunduki begani, alikuwa akingoja kwenye ukingo.

"Nishikie hii, mwanangu, nifunge kiatu."

Mlinzi akaishika kwa kofia yake asiungue. Petita alipoinuka, nyuma yake yalikuwa maji matupu, na mashine za kuyapulizia mabwawa hewa zilikwisha kuanza kuzunguka.

"Tutaonana Oktoba, mama," alisema mlinzi, akamrudishia sufuria.