Mti Uliopanga Foleni ya Akina Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeubeba mti wa nyuma ya nyumba yetu mgongoni, nimeufunga kwa leso, naupeleka kliniki ya watoto. Haukuwa mzito. Matawi tu ndiyo yaliyogonga nyaya za stima, nami nikawa naomba radhi kila nguzo.

Nilikuwa na haraka. Mama mkwe wangu alishasema asubuhi jirani yetu Murithi atakuja na msumeno aukate, maana kila mwaka unachanua na haujazaa hata tunda la kudanganyia ndege. "Mti tasa wa nini?" Kisha akanigeukia mbele ya mashemeji: "Wewe wa masomo ya jioni, hebu tuambie, huu ni mti gani?" Nikasema mwarubaini. Wakacheka, na mimi mwenyewe nikajisikia nimekosea. Na chini ya mti huo ndipo ninapomlaza Gatwiri wangu nikifua. Uani kwetu hakuna kivuli kingine.

Mwalimu wetu wa jioni, anayetufundisha mimea, hutuambia tusiukisie mti, tuuulize. Basi ndotoni naupeleka ukaulizwe.

Nesi ni nyuki. Amevaa kofia nyeupe, na miguu yake yote sita ina kazi.

"Jina la mtoto?"

"Sijui, sista."

"Mama mzima! Haya, meno yameota?"

Anashika jani, anapitisha mguu ukingoni taratibu. "Hana hata moja. Mwarubaini ana meno ukingo mzima. Nani alikwambia huyu ni mwarubaini?"

"Nilijiambia mwenyewe."

"Pole."

Mara kliniki imekuwa darasa letu la jioni, na nesi yuko ubaoni. Ananiamuru nihesabu majani. Naanza.

"Acha kutuhesabu kama viazi," sauti nyembamba inasema.

Ni vijani vidogo vya mti. Vimekaa kwenye dawati refu viwili viwili, vinatazamana, na kimoja kiko mbele peke yake.

"Sisi sote ni jani moja," vinasema. "Tunaota pamoja, tunaanguka pamoja."

"Na wewe wa mbele, mwenzako yuko wapi?"

"Sina," kinajibu, bila huzuni yoyote. "Lazima mmoja atangulie."

Nesi anakunjua kijitawi kama anavyokunjua mkono wa mtoto. Kimejaa vidoa vyeupe. "Chanjo zote hizi amechanjwa wapi?"

"Si chanjo," mti unasema kwa sauti nzito inayotikisa madirisha. "Hapo ndipo ninapopumulia."

Nesi anaangusha chaki. "Ngoja. Wewe ni mwanamume?"

"Tangu zamani."

"Na kwenye foleni ya akina mama unafanya nini?"

"Niliwekwa na mama mkwe wa huyu. Kila mwaka anangoja nizae. Nimeona haya kumwambia."

Akina mama kwenye foleni, ambayo sasa imeingia darasani, wanapiga makofi kwa kucheka. "Maskini baba wa watu," mmoja anasema, "kungojewa mimba!"

Nesi anauzunguka mti mara moja, anaunusa. "Kumbe ni wewe, Mununga! Bila maua sikutambui. Si mimi ninayebeba unga wa maua yako kila msimu, nikimpelekea mkeo ng'ambo ya mto, kwa akina Karimi? Yule matunda mekundu yamemjaa hadi hondohondo wanapigana." Ananigeukia, macho yake yote makubwa. "Wakimkata huyu, mama, msimu ujao watamwita yule naye tasa."

Anautundika mti kwenye mizani pamoja na mizizi yake. "Uzito mzuri. Mrudishe nyumbani, na usimfunike kichwa."

Nikaamka. Jua lilikuwa limetoka na nje msumeno wa Murithi ulikuwa unakohoa, hautaki kuwaka.

Mama mkwe aliingia kumchukua Gatwiri, akamzamishia pua shingoni kama kawaida yake. Akasita.

"Mama Gatwiri, umempaka nini mtoto? Ananukia maua."

"Sijampaka kitu, Mama."

Alipoinua kichwa, ncha ya pua yake ilikuwa ya manjano, vumbi laini kama unga. Sote wawili tukatazama dirishani. Mti haukuwa na ua hata moja. Msimu wake bado.

Nje msumeno ukawaka.

"Ule ni mununga, Mama," nikasema upesi. "Ni wa kiume, hauwezi kuzaa. Mke wake yuko ng'ambo ya mto, kwa akina Karimi. Twende nikuonyeshe, kisha uamue mwenyewe."

Akajipangusa pua. Akakitazama kidole chake kwa muda, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Murithi!" akapaza sauti. "Zima hicho kitu uje unywe chai." Akamfunga Gatwiri mgongoni, akavaa viatu vyake vya kanisani. "Haya, Mama Gatwiri, tangulia. Siwezi kwenda kuonana na mke wa mtu miguu mitupu."