Kovu Ndani ya Figo ya Dada

Pale maabara ya hospitali walimwita Mama Wembe, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuchukua kinyama cha mgonjwa kilichozamishwa ndani ya nta, kukifunga kwenye mashine yenye kisu, na kukikata vipande vyembamba hata ukivipulizia pumzi, umeshavipoteza. Anaviweka juu ya maji ya uvuguvugu vijikunjue, anavidaka kwa kioo, anavitia rangi, anampelekea daktari wa darubini. Yaliyomo ndani ya kioo hayakumhusu ndewe wala sikio. "Mimi nakata kitambaa tu," alizoea kusema. "Kushona mtajua wenyewe."

Jumanne ile kililetwa kinyama cha figo. Juu ya kichupa paliandikwa namba tu, lakini alijua ni cha nani. Kilikuwa cha mdogo wake wa kiume, kinyozi, aliyelazwa asubuhi ile achomwe sindano ya kipimo. Na tukisema ukweli wote, kilikuwa chake pia, maana figo ile alizaliwa nayo yeye. Miaka minne nyuma, za mdogo wake zilipokufa zote mbili, dada mtu alilala kitanda cha jirani, akatolewa moja, akapewa mdogo mtu.

Sasa vipimo vya damu vilikuwa vinasema figo inachoka, na Mama Wembe alikuwa amefura kwa hasira. Alidhani anajua sababu. Miezi miwili iliyopita alipita kinyozini akakuta, nyuma ya chupa za mafuta ya nywele, pakiti ya vidonge vile vinavyouzuia mwili usiikatae figo ya kupewa. Kibandiko kilionyesha ilitolewa dirisha la dawa mwezi mmoja kabla, na hakikuwa kimetoka hata kidonge kimoja. Akaishika juu mbele ya wateja.

"Hizi ni dawa au mapambo ya duka?"

Mdogo mtu akainama, asitie neno. Kule kunyamaza dada akakuchukua kuwa ndiyo jibu. Akaenda moja kwa moja kwa mama yao, akayamwaga yote: kwamba yeye kajitoa mwili wake, na mwenzake anauchezea. Kliniki ilisema dawa inaonekana kwenye damu kama kawaida. Akabeza. Nani asiyemeza dawa siku mbili kabla ya kupimwa? Tangu hapo hawakusemeshana.

"Mwachie mwenzako akate," msimamizi wa maabara alimwambia Jumanne ile.

"Mwenzangu mkono wake mzito. Atakimaliza."

Hilo lilikuwa kweli. Kinyama chenyewe kilikuwa chembamba kama kipande cha uzi, na ukizidisha kuparua nta kwa kisu ili kuisawazisha kabla ya kuanza, nusu ya mgonjwa imeshaingia kwenye pipa la taka. Lakini ukweli mwingine aliuficha. Alitaka ushahidi uupitie mkono wake mwenyewe. Kama mwili wa mdogo wake umeishambulia figo, basi dawa aliziacha, na yeye alikuwa amekwisha kuapa hatamsamehe.

Akakata. Mara ya kwanza kwa miaka mingi alibana pumzi mpaka kifua kikamuuma. Vipande vikatoka vimeshikana mkia kwa kichwa, akavilaza majini, akaviona vikitanuka. Akavitia rangi ile ambayo huacha nyama nyekundu na kovu buluu.

Daktari wa darubini alikuwa mzee asiyeharakishwa na mtu. Siku ya nne alimwita chumbani kwake.

"Majibu ni ya mgonjwa, unajua."

"Mgonjwa kaandika mimi ndiye wa kuambiwa."

"Najua kaandika. Nimeangalia fomu, kaijaza Jumanne hii, siku aliyolazwa." Akamvutia kiti upande wa pili wa darubini, ile yenye macho ya watu wawili. "Hebu kaa. Miaka yote unaniletea vyakula, hujawahi kuonja."

Mama Wembe akainamia kioo, na chumba kikapotea. Aliona mifereji myekundu imelala ubavu kwa ubavu, mamia, kila mmoja na ukuta wake na uwazi wake, midogo isiyosemeka. Aliona vichujio, vifundo vya mishipa vilivyojiviringisha ndani ya vikombe vyao. Hicho kitu kilikuwa kimekaa kiunoni mwake tangu tumboni mwa mama yake, kinachuja damu yake alipolala na alipoamka, alipocheka na alipogombana, na hakuwahi hata siku moja kukiuliza hali. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa mkono wa koti ili asiloweshe darubini ya watu.

"Sasa tazama buluu," mzee alisema.

Buluu ilikuwepo. Haikuenea kila mahali. Ilikuwa imeshuka kwa mistari: mstari wa kovu, halafu nyama nzima, halafu mstari tena.

"Chembe za figo zikiumia, zinatoa ujumbe. Ni kiprotini tu, huwezi kukiona. Kinasema: jengeni. Majirani waliokuwa wametulia wanausikia, wanabadilika umbo, wanaota misuli, wanaanza kusokota kamba. Kamba hizohizo ndizo zilizokuziba kidole ulipojikata mwaka juzi. Kwenye kidole ujumbe unakoma. Kwenye figo wakati mwingine haukomi. Wanajenga, wanajenga, mpaka wanaziba mifereji waliyokuja kuiokoa."

"Wanaharibu."

"Wanatengeneza. Hawajui kuacha tu."

"Na aliyeziumiza hizo chembe ni nani? Ni kinga ya mwili, sivyo? Si kwa sababu aliacha dawa?"

Mzee akasogeza kioo taratibu, huku na huku, muda mrefu.

"Askari wa kinga ningewaona hapa, wamejaa ndani ya kuta za mifereji. Hawapo. Na mshipa huu mdogo, unaona ulivyonenepa ukuta? Hayo pamoja na mistari, mimi nayasoma kuwa ni dawa yenyewe. Vidonge vile vinailinda figo isishambuliwe, lakini kwa baadhi ya watu, vikimezwa miaka, vinabana mishipa na kuukuza ule ujumbe. Kapu moja, mazuri na mabaya. Aliyeacha dawa nisingetegemea kumwona hivi. Huyu kazimeza. Kazimeza kila siku ya Mungu."

Mama Wembe hakuinua uso. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Itapona?"

"Buluu haitaondoka. Lakini nyekundu ni nyingi bado. Watambadilishia dawa, na huenda ujenzi ukapungua. Nasema huenda." Akazima taa. "Kuna kioo kingine. Vile vipande vya ziada ulivyonipa, nimevifanyia jambo kwa ajili ya utafiti wangu. Njoo."

Katika chumba cha giza alimwonyesha picha nyingine ya figo ileile, nyeusi, na viini vya chembe vinang'aa kama maji ya bahari. Ndani ya viini vichache, kimoja hapa, kingine kule, palikuwa na nukta moja ya kijani.

"Nukta hiyo ni kromosomu ya kiume. Wewe huna."

"Ni mdogo wangu?"

"Ni yeye. Chembe zake zimesafiri kwenye damu, zikaingia kwenye figo yako zikabaki. Nyingine ziko katikati ya kovu, zinajenga na wenzao. Hii moja, tazama, imekaa kwenye ukuta wa mfereji, inafanya kazi kama mwenyeji. Imefikaje, bado tunabishana."

Mama Wembe aliitazama nukta ile mpaka mzee akachoka kusimama. Alikuwa amedhani alimpa mdogo wake kitu, kikahamia kwake. Kumbe na huyo mdogo wake alikuwa amehamia ndani ya kitu hicho, polepole, bila ya daktari wala kisu.

Alikwenda kinyozini na koti la maabara mwilini. Mdogo wake, aliyekwisha kuruhusiwa hospitalini, alikuwa na mteja kitini, mashine inanguruma.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema tokea mlangoni. "Dawa ulikuwa unameza."

"Nilikuwa nameza."

"Na ile pakiti?"

"Ya akiba. Siku nikichelewa kufunga duka."

"Mbona hukusema? Nimekuvunjia heshima mbele ya watu, nimekusema kwa mama, na wewe kimya!"

Kinyozi akazima mashine. Alimtazama dada yake kwenye kioo cha ukutani, si usoni.

"Ningekujibu nini, Dada? Kila nikitaka kufungua mdomo nakumbuka, hata mkojo ninaokojoa ni kwa hisani yako. Mtu wa namna hiyo anabishana vipi?"

Maneno yale yalimkata Mama Wembe. Akaja akasimama nyuma ya kiti, akamshika bega.

"Nimeiona figo leo. Umo ndani, mdogo wangu. Chembe zako zimo, nimeziona kwa macho yangu, zinafanya kazi. Ile figo si yangu tena, wala hudaiwi. Ni yako. Haya, nijibu."

Kinyozi akageuka, na akamjibu. Alimwambia jinsi alivyomdhalilisha, na jinsi mama alivyomtazama tangu siku ile, na kwamba miaka minne alikuwa anaogopa hata kumwambia chai yake ina sukari nyingi. Alimjibu kwa sauti ya juu mpaka majirani wakachungulia. Dada mtu alisimama akayapokea yote, analia na kutikisa kichwa kukubali, na mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, alikaa akasubiri.