Rekodi ya Kwanza ya Mheshimiwa

Siku maktaba ya chuo ilipozinduliwa upya kwa kompyuta, Afruza Khatun, karani wa kuingiza vitabu kwenye mfumo, alifika kazini mapema, akavua viatu mlangoni pa chumba cha mashine na kuanza kukung'uta vitambaa vilivyofunika kompyuta. Vitambaa hivyo walivitarizi wake wa wakubwa. Nje, chini ya ngazi, watumishi walikuwa wakipakia magunia ya kadi za katalogi kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa makaratasi. Vitabu vilivyokwisha kuingizwa kwenye mfumo havikutosha kujaza hata kabati moja, lakini makabati ya kadi yangeharibu picha, na mgeni rasmi alikuwa waziri. Kufikia adhuhuri kadi zile zilikuwa sokoni, zimekunjwa kuwa koni, zinauziwa bisi za mchele zenye pilipili na mafuta ya haradali.

Nyumbani alikuwa amemwacha binti yake Mitu, wa miaka minne, kwa bibi yake. Asubuhi ile, akimchana nywele, alimsimulia nusu ya hadithi ya bata aliyekataa kuingia bwawani. Muda ukawa umemtupa mkono. "Mwisho wake nitakupa jioni," alimwambia, akakimbilia riksho.

Mkutubi mkuu, Dakta Talukdar, alikuwa mtu wa kujikomba kwa wakubwa na kuwabwatukia wadogo, na kazi zote mbili alizifanya kwa bidii. Asubuhi hiyo alikuwa amechanganyikiwa. Kwetu hakuna shughuli isiyo na beji kifuani, hata ya kufungua choo, na beji za wasichana wa mapokezi zilikuwa zimekwama kwa mpiga chapa kwa sababu mtaa mzima wa machapisho haukuwa na umeme. Talukdar akapekua sanduku la mradi, akatoa roli la vile vibandiko vya mistari ya kusomwa na kompyuta, vilivyotoka ng'ambo kwa ajili ya vitabu, akaanza kuwabandika wasichana begani mmoja mmoja.

"Bosi, hivi si ni vya vitabu?" aliuliza Afruza, aliyepangwa kwenye mstari wao.

"Na wewe ni nani, mtaalamu? Simama wima. Vinaonekana vya kisasa."

Waziri alikuja akiwa amechelewa, akamwagiwa petali, akakata utepe, akala rosogolla mbili, vile vitamu vya maziwa na sukari, na kufuta vidole kwenye pazia. Kisha akakabidhiwa kifaa cha kusoma mistari, kile chenye umbo la bastola, ili aingize kitabu cha kwanza rasmi, namba moja aliyohifadhiwa. Kitabu kilikuwa kimefungwa kwa mahameli nyekundu na utepe wa dhahabu, kikapendeza mno, na kibandiko chake kilikuwa ndani ya mahameli. Waziri alibonyeza mara kadhaa. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya kitabu akakifungua mbele ya kamera.

"Kitu chenyewe kimekufa?" waziri akauliza, akakigeuza upande. Afruza alikuwa amesimama hapo na sinia lake la petali. Kifaa kikaelekea begani mwake, kikalia tit.

Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja: namba moja, kitabu cha rejea, hakitoki nje. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Halafu jenereta ikakohoa na kuzima, wakaenda kula.

Jioni umeme uliporudi, wenzake Afruza walibandua vibandiko vyao wakaenda zao. Yeye alipopita kati ya nguzo mbili za king'ora cha kuzuia wizi wa vitabu, nguzo zikapiga kelele. Alirudi nyuma, akabandua kibandiko, akapita tena, zikapiga kelele vilevile. Badrul, mlinzi wa lango, alimtazama kwa jicho la pembe, akaenda kuangalia skrini ya mapokezi.

"Wewe ni wa rejea," alisema. "Hutoki."

"Kaka Badrul, mtoto wangu ananingoja."

"Hata mie nna watoto. Rudi ndani, usinitie matatani."

Talukdar aliletwa. Alisoma ule mstari mara mbili, akakuna kidevu, akasema kwamba kwa bahati mbaya mashine ilikuwa sahihi. Afruza alilala usiku ule kwenye chumba cha majarida, juu ya magazeti ya zamani. Asubuhi alipoamka, muhuri wa zambarau wa chuo ulikuwa umetokea kwenye kisogo chake. Alinawa, akaendelea kuingiza vitabu, maana kazi ilikuwa palepale. Mwisho wa mwezi mhasibu alimwondoa kwenye orodha ya mishahara, akieleza kwa upole kwamba kitabu hakilipwi.

Mama yake alikuja, amemshika Mitu mkono. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya mkutubi mkuu hadi chai ya Talukdar ikaletwa, ikanywewa, na kikombe kikaondolewa.

"Baba, namtaka mwanangu arudi nyumbani," alisema.

"Mama, nikwambie ukweli. Ile ni rekodi ya kwanza. Imeingizwa na Mheshimiwa, kwa mkono wake mwenyewe, na picha ipo gazetini. Nikiifuta, nani atakwenda kumweleza? Wewe?"

"Niazime basi. Nitamrudisha."

"Una kitambulisho cha chuo?"

"Mimi sijui hata kusoma, baba."

"Sasa unaona? Na hata ungekuwa nacho, vitabu vya rejea haviazimwi. Vinasomewa humuhumu. Huyu mtoto naye atoke, watoto hawaruhusiwi."

Kufuta rekodi ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Nasema hivi kwa sababu baadaye wengi walidai kwamba tatizo lilikuwa la kitaalamu, mara mtandao, mara seva, mara lugha ya kigeni ya mfumo. Ni uongo. Kitufe kilikuwepo, na mtu mwenye kidole alikuwepo. Woga tu.

Afruza alianza kungojea umeme ukatike. Umeme ukikatika, nguzo zinakuwa bubu. Lakini maktaba zetu zina desturi ya zamani kuliko kompyuta: feni ikisimama tu, mlinzi anavuta geti la chuma la kukunja na kulitia kufuli, kwa sababu wasomaji huiba vitabu gizani. Mara ya kwanza alikimbia kutoka ghorofani na kumkuta Badrul keshashika kufuli.

"Kaka, umeme umekatika. Nguzo hazilii."

"Ndiyo maana nafunga."

Mitu aliletwa na bibi yake mchana, nje ya geti. Afruza alichuchumaa upande wa ndani. "Bata akafanyaje?" mtoto aliuliza. "Bata akasema maji haya si yangu," Afruza akaanza, na Badrul akagonga chuma kwa rungu na kuonyesha kibao cha KIMYA. Ikawa hivyo kila walipokuja. Badrul hakuwa mtu mbaya sana nyumbani kwake, nasikia. Hapo langoni alikuwa mshenzi.

Maandishi yalianza kumtoka Afruza wakati wa mvua. Kwanza kwenye viganja, kisha mikononi, herufi ndogo za Kibangla, safi, za wino mweusi: yote aliyoyajua na yote aliyotaka kusema na kuzuiwa. Wasomaji walimzoea haraka. Profesa wa historia alimwomba akae karibu na dirisha, akasoma mkono wake wa kulia mchana kutwa, akasema lugha ni nzuri ila haina marejeo. Wanafunzi wa sheria walimpigia mistari kwa kalamu ya wino. Mmoja aliandika *muhimu* kwenye kiwiko chake. Karibu na mitihani, mwingine, asiyetaka wenzake wapate alichokipata yeye, alichana kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakitia kwenye daftari lake na kuondoka. Hakikutoka damu. Ulibaki ukingo uliochanika, mkavu, ambao Afruza aliupaka gundi. Nguzo hazikulia kwa kidole, maana hazikuwahi kulia kwa ukurasa mmoja.

Safari moja alifanikiwa kutoka. Mahafali yalikuwa yanaendelea, nguzo zilizimwa ili zisimwaibishe mgeni, na Badrul alikuwa kwenye foleni ya biriani. Afruza alipita akielekea nyumbani, sari amejifunika kichwani. Hakufika. Jioni dereva wa riksho alimrudisha, akasema amemkuta kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba karibu na stesheni, amelazwa juu ya turubai kati ya miongozo ya mitihani, nyuma ya sikio ameandikwa bei kwa penseli. Muuzaji alimwuliza kama anamtaka. Dereva aliuona muhuri kisogoni, naye ni mtu mwaminifu. Talukdar alimshukuru, akamnunulia chai, na kuanzia hapo Afruza alihamishiwa kwenye kabati la vioo pamoja na nakala adimu. Alitolewa akiombwa na msomaji, akarudishwa. Mule ndani mlinuka naftalini, dawa ya kufukuza wadudu. Wadudu wa karatasi walimla kidogo ukingo wa sikio.

Kazi yake ya kuingiza vitabu hakupewa mtu mwingine. Kompyuta zilibaki chini ya vitambaa. Vitabu vingi havikuwa tena na kadi wala rekodi, na mtu akitaka kimoja alizunguka rafu hadi achoke, kisha akaenda kukinunua stesheni.

Ikaja siku serikali ikaanguka. Waziri yule alikamatwa akiwa amejificha kwenye lori la vitunguu. Bibi yake Mitu alivaa sari safi akaja mbiombio kwa Talukdar.

"Sasa mfute," alisema. "Huyo Mheshimiwa wako yuko jela. Unamwogopa nani?"

Talukdar alikuwa ameshaitoa picha ya waziri ukutani, pameachwa mraba mweupe. "Mama, sasa ndiyo mbaya zaidi," alisema. "Mradi wote unachunguzwa. Rekodi ya kwanza ni ushahidi. Mtu akiigusa anafungwa."

"Zamani hukuifuta kwa kuwa mtu huyo ni mkubwa. Leo huifuti kwa kuwa ni mhalifu."

"Umeelewa vizuri kabisa," alisema Talukdar, akapiga kengele ya kuagiza chai.

Bibi alirudi nyumbani, na kabla ya baridi kwisha akafariki. Afruza aliambiwa kupitia kioo cha kabati. Hakuruhusiwa kwenda kuzika.

Mitu alikua. Hakuwa mwanafunzi hodari, lakini alikuwa na hasira, na hasira ilimwamsha kabla ya adhana akasoma. Aliomba nafasi katika chuo kile kimoja tu, somo lolote. Walimpa somo la udongo. Alipopata kitambulisho chenye picha yake, hakwenda darasani. Alikwenda moja kwa moja mapokezi ya maktaba, akakiweka mezani.

"Nimekuja kumwazima mama yangu."

Maktaba ilikuwa imezinduliwa upya mwezi uliopita. Mfumo mpya, mfadhili mwingine, utepe mwingine. Talukdar, aliyestaafu, alirudi kama mshauri wa mradi. Karani wa mapokezi aliandika jina, akangoja, akaandika tena.

"Hayumo," alisema. "Rekodi za mfumo wa zamani hazikuhamishwa."

Mitu alishika ukingo wa meza. "Hayumo kabisa?"

"Kabisa. Hakuna kitu kama hicho humu."

"Basi si mali yenu. Natoka naye."

"Kama hayumo, siwezi kukuazima. Nitaandika nini?"

"Usiandike kitu! Mimi namchukua mama yangu, wewe kaa hapo ubonyeze vidude vyako!"

Alilifungua kabati mwenyewe, ufunguo ulikuwa ukining'inia. Afruza alitoka taratibu, mgongo umekakamaa. Walishikana mikono, wakashuka ngazi, wakafika langoni. Nguzo zikapiga kelele.

"Nguzo ni za mradi wa zamani," Badrul alieleza. Sasa alikuwa na mvi na rungu lilelile. "Hazina habari na mfumo mpya. Rudini."

"Zizime!"

"Ufunguo wake anao mkandarasi, na mkandarasi yuko Malaysia." Akavuta geti.

Mitu alilipiga teke geti hadi kiatu kikamtoka. Alimwita Badrul mbwa, akamwita Talukdar aliyekuwa akichungulia dirishani jina ambalo sitaliandika, na wasomaji wakainua vichwa kuomba kimya. Afruza alimwokotea kiatu.

"Njoo ukae," alimwambia. "Kitambulisho unacho. Unaruhusiwa kusoma."

Wakakaa kwenye meza ya karibu na dirisha. Mitu alianza kusoma mkono wa kulia, polepole, akiruka mistari ya wanafunzi wa sheria. Alikuta homa yake ya utotoni. Alikuta harufu ya nywele zake asubuhi ile. Kwenye mkono wa kushoto alimkuta bata. Bata amesema maji haya si yangu, bwawa limekasirika, vyura wametumwa kumbembeleza, bata amekaa ukingoni na kuwaambia kwamba ataingia kwa sharti moja. Mstari ukashuka kiganjani, ukaelekea kidole kidogo, ukaishia kwenye ukingo uliochanika.

"Sharti gani?" Mitu aliuliza.

Afruza alipapasa ukingo ule kwa kidole gumba.

"Lilikuwa hapo," alisema. "Mimi sasa najua yaliyoandikwa tu."

Mitu aliinamisha uso juu ya kile kiganja akalia, bila kujizuia, akaulowesha wino. Hakuna aliyemkemea isipokuwa karani, aliyesema kwamba maji yanaharibu vitabu.

Kengele ya kufunga ikalia. Badrul alipita kati ya meza akizima feni. Mitu alisimama, bado ameushika mkono wa mama yake, akageuka kuelekea kwenye kabati.

"Acha hapohapo mezani," Badrul alisema. "Wasomaji hawarudishi vitabu wenyewe."

Mitu akauachia mkono.