Kobe Namba Moja

Mwalimu wa hesabu alipoingia ukumbini na kuwakuta kobe kumi na wawili mezani, aliwahesabu tena. Yeye alikuwa ameagiza kumi na mmoja.

Mchezo aliubuni mwenyewe kwa ajili ya tamasha la shule. Kobe wa mbao, wenye namba kuanzia mbili hadi kumi na mbili, wanapangwa kwenye mstari. Mtu anatikisa dadu mbili ndani ya kopo, anazimwaga, anajumlisha, na kobe mwenye jumla hiyo anasogezwa hatua moja. Anayetangulia kufika hatua ya sita ndiye mshindi. Utamu wake ni kwamba hauna haki hata chembe: mbili hupatikana kwa njia moja tu, moja na moja, wakati saba ana njia sita. Wanafunzi walitakiwa wacheze, washindwe, wanune, kisha wakae chini wajiulize kwa nini saba anawaacha wenzake karibu kila mara. Somo lilikuwa hilo.

Mwalimu mkuu hakusikia somo, alisikia mchezo. Watoto kumi na wawili walikuwa wamefungana alama, na nafasi ya kwenda shule ya bweni ilikuwa moja. Mwaka uliopita walipookota karatasi za kura, wazazi wakapiga kelele kwamba karatasi moja ilikunjwa pembe. Safari hii, akatangaza, kobe watashindana mbele ya kila mzazi, maana dadu hazina mjomba ofisini. Alipohesabu watoto akaona kobe mmoja anapungua, basi akamtuma seremala achonge namba iliyokosekana. Iliyokosekana ilikuwa moja, seremala akachonga moja, akaipaka rangi nyekundu inayong'aa. Mtu na akili zake, na mwenzake na akili zake, hakuna aliyejiuliza dadu mbili zitaitoa wapi moja.

Mwalimu alikuwa na siku mbili za kumweleza mwalimu mkuu kwamba mchezo hauna haki, na hakumweleza. Mmoja wa wale watoto alikuwa binti wa marehemu dada yake, na binti huyo alikuwa akilala chumba kimoja naye tangu msiba. Mchezo waliujaribu wote wawili kwenye meza ya kulia, na binti alimchagua saba kila mara huku akicheka. Na siku ya mchezo, anayetangulia kufika ukumbini ndiye angechagua kobe kwanza. Asubuhi ile, akimfunga binti vifungo vya mgongoni, mwalimu alisema neno moja tu, kwamba watoke mapema. Binti alimtazama kwenye kioo, akavaa viatu.

Ukumbini binti alimchukua saba. Wa pili kufika alikuwa mwoka mikate, unga ukiwa bado kwenye nyusi, amemshika mwanawe mkono. Aliwapita kobe wote akamnyakua yule mwekundu. Mwanawe, alisema kwa kujidai, hajawahi kuwa namba mbili. Waliokuja baadaye walimwonea wivu waziwazi.

Mwalimu mkuu akamkabidhi mwalimu kopo. Mchezo wake, atikise yeye.

Alitikisa. Sita. Tisa. Saba. Tano. Saba. Macho ya wazazi aliyahisi shingoni. Aliogopa kugunduliwa, aliogopa mno. Lakini kadiri saba alivyosogea ndivyo hofu nyingine ilivyomkaba, kubwa kuliko ile: kwamba hawatagundua, na atarudi nyumbani na ushindi huu, aishi nao chumba kimoja.

Mtoto wa mwoka mikate aliinama, akampulizia kobe wake. Baba yake akawaambia watu kwamba huyu bado anavuta pumzi, na ukumbi ukacheka. Saba alikuwa hatua ya tano. Mwalimu akazikusanya dadu, lakini hakuzitia koponi.

"Namba moja hawezi kusogea," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia.

Mwalimu mkuu alimwambia kwa upole aendelee, watu wana shughuli zao. Mwoka mikate alisogea, akazichukua dadu, akazigeuza taratibu akitafuta upande wenye tundu chache kabisa wa kila moja. Akaziweka mezani: tundu moja, tundu moja.

"Mbili," alisema. "Umejua lini, mwalimu?"

"Nilipoingia hapa."

"Na huyu saba?"

"Huyo nilimjua tangu mwanzo. Ndiyo maana tulifika wa kwanza."

Ukumbi ulilipuka. Alisikia neno mwizi, akasikia mtu akiuliza huyo ndiye anayetufundishia watoto. Binti alisimama pembeni, uso ameuficha kwenye kola. Ilimchukua mwalimu mkuu dakika kadhaa kuwatuliza, na kelele zilipopungua wakaamua: kobe wote waingie ndooni, wachanganywe, mmoja atolewe, na mtoto mwenye kobe huyo ndiye aende. Wote walikuwa na umbo moja na uzito mmoja, seremala aliapa. Mwoka mikate ndiye atakayetia mkono, kwa kuwa ndiye aliyeonewa kuliko wote. Walimfunga macho kwa tai ya mwalimu mkuu. Mzazi mmoja alitikisa ndoo, wa pili akaitikisa tena, na wa tatu akaitikisa kwa kuwa hakuwaamini wale wawili.

Mwalimu alijibana ukutani. Kwa mara ya kwanza aliomba mtoto wa dada yake asishinde. Moja katika kumi na mbili, alijiambia, ni nadra. Ila miaka yote amewafundisha watoto kwamba nadra nayo hutokea.

Mwoka mikate alizungusha mkono hadi chini, akatoa kobe, akaivua tai machoni. Alimweka mezani, namba ikiwatazama watu: saba.

Hakuna aliyepiga makofi. Binti alianza kulia kimya kimya, na hapakuwa na mtu wa kumpa hongera. Mwoka mikate aliukagua mkono wake, kiganja na nyuma yake, kisha akamgeukia mwalimu, bila hasira hata kidogo.

"Mkono ni wangu mwenyewe," alimwambia, "na bado siamini."