Anwani ya Dwight Haverkamp

Kila baada ya siku tisini Dwight Haverkamp alikuja ofisi ya sherifu amevaa tai, kana kwamba amealikwa. Bi Loretta Kubiak, karani wa daftari la waliofungwa kwa makosa ya ngono, alikuwa ameandikisha watu wa namna hiyo miaka kumi na minne katika wilaya yao jimboni Ohio, Marekani. Wapo walioinamisha kichwa, wapo waliotukana. Huyu alikuja kutembea.

"Habari za asubuhi, Bi Loretta. Hiyo blauzi imekukaa kweli."

Loretta hakuinua macho. Kilemba cha ukoka alishavishwa mara nyingi. "Anwani?"

"Ile ile. Trela ya kaka yangu, barabara ya Miller."

"Kazi?"

"Napiga kinanda kwenye harusi. Lakini Bi Loretta, hili neno 'mkosaji' halipunguzwi makali kidogo? Nimefundisha kwaya ya kanisa miaka ishirini. Watu wananiheshimu."

"Hata wale wasichana wawili walikuheshimu. Tia sahihi hapo."

Akatia sahihi kwa madaha, kama anayempa shabiki kumbukumbu. Naibu sherifu Ortiz akampeleka chumba cha nyuma kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Hazikupita dakika tano, akaingia mwanamke mwenye sare ya uuguzi, simu mkononi.

"Samahani, dada. Dwight amemaliza? Kasahau simu yake garini. Amekuja kushughulikia kibali cha bastola."

Loretta akamtazama. Mtu aliyefungwa kwa kosa lile hapewi hata manati. "Wewe ni nani wake?"

"Gwen Tillery, mchumba wake. Tunaoana Juni."

"Una watoto?"

"Wasichana wawili, miaka tisa na kumi na mmoja. Anawafundisha kuimba."

Loretta akaweka kalamu chini. Daftari lile ni la umma, mtu yeyote ana haki ya kulisoma. Akaigeuza kompyuta kumwelekea Gwen.

Gwen akasoma. Akarudia kusoma. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo. "Hapa wameandika barabara ya Miller."

"Ndiko anakosema anakaa."

"Anakaa kwangu, tangu Januari. Leo asubuhi kawapikia wanangu chapati za maji."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Dwight akatoka anatabasamu, akamwona Gwen, akaona na kompyuta.

"Mpenzi, ngoja nikueleze. Hawa watu hukuza mambo."

"Walikuwa na miaka mingapi, Dwight?"

"Ni mambo ya zamani."

"Nimekuuliza miaka mingapi."

Dwight akashughulika na tai yake. Loretta akamsomea: "Mmoja kumi na miwili. Mwingine kumi na mitatu."

Gwen akaiweka simu juu ya kaunta, akaondoka. Dwight akamgeukia karani. "Bi Loretta, wewe unanijua. Hii anwani ni kosa dogo tu la karatasi."

"Nakujua, ndiyo. Na kudanganya anwani ni kosa la jela, bwana. Onyo hilo ulilisoma, ukalitilia sahihi."

Ortiz alipotoa pingu, Dwight aliomba jambo moja tu: asifungwe karibu na dirisha, watu wa barabarani wasije wakamwona. Hakuwaulizia watoto wa Gwen. Ortiz akamfunga palepale alipokuwa amesimama.

Gwen alikwenda moja kwa moja shuleni, akawatoa wanawe darasani, akawauliza ndani ya gari. Dwight hakuwa amewagusa. Ila yule mkubwa alisema kwamba Jumamosi alipangiwa somo la peke yake, na kwamba aliambiwa asimwambie mama.

Mahakamani Dwight alikuja na tai nyingine. Akaeleza kirefu jinsi mji mzima ulivyokuwa ukimheshimu. Hakimu, mama mmoja mzee, akamwacha amalize, akamuuliza kama ana la kuongeza, kisha akampa miaka mitatu. Loretta, aliyechukua likizo ya siku moja ili asikie, akaenda zake kula chakula cha mchana.