Waitikiaji wa Mama

Mimi nina mdomo, sikatai. Segese nzima inajua kwamba Mama Loveness hajui kumeza neno. Mwezi wa pili nilimwita Jilala mwizi wa usingizi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mbele ya wafanyakazi wake. Jilala ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu, limepakana na ukuta wangu, na linanguruma kuanzia kabla jogoo hajawika mpaka usiku wa manane. Mimi nami kazi yangu ni kurekodi muziki chumbani kwangu: kwaya za parokia, nyimbo za harusi, mara mojamoja tangazo la mnada. Sasa utarekodi nini pembeni ya mashine inayotafuna mawe? Nilibaki na Jumapili tu, siku karasha linapopumzika. Basi kwa hasira nikaacha kumpa Jilala shikamoo, mtu mwenye umri wa baba yangu mdogo. Nampita njiani kama napita nguzo. Kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko tusi lenyewe, na nilikuwa najua.

Mwaka huu mama yangu, Mbuke, akaota uvimbe shingoni. Hospitali ya Mwanza wakasema lazima utolewe. Daktari hakuficha: mshipa wa sauti unapita palepale, kuzungumza atazungumza, kuimba hawezi kuahidi. Na mama yangu ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa nyimbo za kulimia kule kwao. Watu walilima ekari nzima nyuma ya sauti yake bila kuinua mgongo. Hakuna mtu aliyewahi kuzirekodi nyimbo zile, hata mimi mwanawe mwenye maiki ndani ya nyumba. Hilo liliniuma sana.

Tatizo likawa waitikiaji. Mama alisema wimbo wa kulimia bila wa kuitikia ni mtu anayegombana na ukuta, na wenzake wa zamani wengine wamekufa, wengine wamehama. Nikamwambia asijali, nitaitikia mimi mara sita, nipange sauti juu ya sauti mpaka liwe kundi. Lakini kompyuta yangu ni ya mezani, nilinunua ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu. Ikifika sauti ya nne inaganda.

Nikamwita Festo, fundi wa Kahama mjini. Alipofungua boksi lile, vumbi jekundu lilimwagika sakafuni, akaniuliza kama nilikuwa nalima humo ndani. Akapuliza, akabadilisha feni iliyokuwa inakoroma, akatoa RAM ya GB nne akaweka ya GB kumi na sita, akatoa diski ya zamani akaweka SSD isiyo na mlio wowote. Tukajaribu. Nikaitikia mara sita, zikacheza zote sita bila kukwama. Nilifurahi hadi nikampa Festo kuku.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao sita wote ni wewe?"

"Wote, mayu, mama yangu."

"Wote wana hasira," alisema. "Na waitikiaji hawafanani hivyo. Lazima awepo mmoja anayechelewa."

Nikacheka, nikamwambia leo apumzike, tutaimba Jumapili ijayo. Kesho yake, Jumatatu, hospitali wakapiga simu: tarehe ya upasuaji imesogezwa karibu, afike Ijumaa hii asubuhi. Jumapili yangu ikaota mbawa.

Sikukata tamaa. Karasha la Jilala linatumia umeme, na huku kwetu umeme haupiti siku mbili bila kukatika. Nikamrudisha Festo aniunganishie betri na inveta, ili umeme ukiondoka karasha linyamaze na kompyuta ibaki inawaka. Akili hiyo, eti! Jumanne nikakaa na maiki tayari, mama kwenye kiti chake. Umeme ukakaa. Jumatano ukakaa. Umeme ule ulitulia kama mkwe aliyekuja kujitambulisha. Nilifikiria kumpeleka mama kwenye nyumba ya mtu mbali na makarasha, lakini akitembea kidogo tu pumzi inakata, na gari tulilopata lilikuwa la kwenda Mwanza.

Alhamisi saa nne asubuhi nikajifunga kitenge, nikaenda kwa Jilala. Alikuwa amesimama kando ya mashine, vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, na wafanyakazi wake wanne wakaacha majembe yao kuniangalia. Walijua nimekuja kutukana.

"Shikamoo, Baba Masalu," nikasema.

Alinitazama, akamtazama mmoja wa wale vijana, akanirudia mimi.

"Marahaba," akasema.

Nikamweleza yote: uvimbe, daktari, kesho asubuhi. Sikumung'unya maneno, na niliomba radhi kwa yale ya mwezi wa pili palepale walipokuwa watu, kwa sababu nilikuwa nimemtukana mbele za watu. Akasema mzigo wa mteja uko ndani ya mashine, ukiisha atazima. Nikarudi nyumbani, sikuwa na hakika.

Kabla ya adhuhuri karasha likanyamaza. Kidogo mlango ukagongwa. Alikuwa Jilala, amenawa uso, nyuma yake wale wanne. Alimwamkia mama Kisukuma, akaketi sakafuni, kisha akaniuliza nani anaitikia. Nikamwonyesha kompyuta, nikamwambia ni mimi, mara sita.

"Mimi nimelima nyuma ya sauti hii nikiwa kijana," akasema. "Kwa nini iitikie mashine na mimi nipo?"

Mama akainua uso. Nikaweka maiki moja kwake, nyingine katikati yao, nikabonyeza.

Akaimbisha. Sauti ilikuwa na mkwaruzo lakini ilisimama, nao wakaitikia, mwanzo kwa aibu, baadaye kwa vifua. Mmoja wao, Magesa, kila mara alikuwa nyuma kidogo ya wenzake. Nilitaka kusimamisha nimrekebishe. Mama akanikataza kwa mkono, anatabasamu. Tulifanya nyimbo zote alizokumbuka mpaka akachoka, na kompyuta yangu yenye nguvu zote zile ikatumia njia mbili tu za sauti, moja kwa kila maiki. Hata kabla Festo hajaigusa ingezibeba. Wakaondoka, na mama akawaambia wabeja, asante ya Kisukuma, mmoja mmoja.

Mwezi umepita. Uvimbe umetoka, mama yuko hai, anakula. Sauti iliyobaki ni ya kunong'ona. Niliogopa kumchezea nyimbo zile, nikajisemea nitamtonesha kidonda. Jana mwenyewe aliniashiria kompyuta kwa kidole. Nikazicheza. Sauti yake ikatoka kwenye spika, nzima, inaita, naye akaisikiliza ameinamisha kichwa kama mgeni anayesikiliza wenyeji. Mimi nilishaanza kulia, sifichi.

Zamu ya kuitikia ilipofika, mama akafungua mdomo akaitikia, kwa ule mnong'ono wake, pamoja na Jilala na wenzake. Alichelewa kidogo, sambamba na Magesa.