Kile Kifaili Kidogo Msikifute

Shule mimi niliishia darasa la saba, lakini hili nawaandikia kina mama wenzangu wenye kompyuta nyumbani. Mkikuta kifaili kidogo kimelala karibu na faili kubwa, msikiguse. Mimi nilikigusa, nusura niharibu harusi ya mwanangu.

Marehemu mama mkwe wangu alituachia diski moja ya sauti, vipande sita. Kipande cha kwanza ni baraka zake kwa mjukuu wake, zisikilizwe siku ya harusi. Cha pili kinaanza, "Sasa niseme la mke wa mwanangu na wali wake." Mke wa mwanawe ni mimi. Kwa hiyo miaka yote nikifika hapo naruka, naenda cha tatu.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Diski ilishachubuka, ndipo mdogo wangu, fundi kompyuta tunayemwita Bwana Waya, akainakili yote kwenye kompyuta yetu. Yakatokea mafaili mawili: moja zito, lenye sauti yote, na kifaili chepesi kama unyoya. Mwenye mitambo wa ukumbini akasema mashine yake haifungui aina hiyo, ligeuzwe liwe aina nyingine. Bwana Waya akaahidi kuja kuligeuza Ijumaa mchana.

Ijumaa asubuhi nikafuta vumbi kwenye kompyuta, nikakiona kile kidogo. Jirani alishaniambia virusi ni vidogo na hujibanza penye kitu kizuri. Nikakifuta. Nikamwaga na pipa lake la taka, maana mimi nikifagia sibakizi.

Bwana Waya akaja, akabonyeza, mashine ikagoma.

"Dada, kifaili kidogo kiko wapi?"

"Kile kirusi? Nimeshakimaliza."

Akavua miwani. "Dada yangu, kile ndicho kinachoiambia mashine kila kipande kinaanzia wapi. Bila hicho, hili kubwa haligeuziki."

"Si kidogo vile?"

"Na ufunguo je, ni mkubwa kuliko mlango? Haya, lete diski nianze upya."

"Diski iko kazini."

"Kazi gani?"

"Ya ulinzi."

Nikamwonyesha dirishani. Si alisema ameshainakili? Nilikuwa nimeitundika kwenye bustani ya mboga ifukuze ndege. Ilikuwa inajigonga kwenye mti kwa upepo, imekwaruzika haisomeki tena, na ndege wawili wamekalia kamba yake.

Binti yangu, bibi harusi mwenyewe, akatoka chumbani, kichwa nusu kimesukwa. Akasikia, akakaa, akashika tama. Bibi yake ndiye aliyemlea mpaka akaanza shule.

Bwana Waya akaguna, akaandika kifaili kipya kwa mkono wake, mistari mitatu tu. "Vipande sivijui vinaanzia wapi. Nimeiambia mashine yote ni kipande kimoja." Akabonyeza tena, faili likageuka. "Ila sasa hakuna kuruka. Mtu asimame pale, mama mkwe wako akisema amina tu, azime."

"Nitazima mimi," nikasema.

"Mama, wewe na vitufe mkae mbalimbali," binti yangu akasema, lakini alishaanza kucheka. Nikamwambia hakuna mwingine anayezijua baraka zile kwa moyo. Akakubali.

Ukumbini nikasimama kando ya mitambo, kidole juu ya kitufe. Sauti ikatoka, ile ile, na kikohozi chake. Binti yangu akalia, bwana harusi akalia, na mimi macho yakajaa. Amina ikapita.

"Sasa niseme la mke wa mwanangu na wali wake," ukumbi mzima ukasikia. "Wali ule ukiurusha ukutani unaganda, unaweza kutundikia kofia."

Watu wakaangua kicheko. Nikapapasa kitufe, nikabonyeza, sauti ikazidi kupanda.

"Miaka ishirini nimeula. Lakini nilipolala miezi minne siwezi kujigeuza, mabinti zangu walinipigia simu. Aliyenigeuza ni yeye. Asije mtu akamsema mbele yangu. Wa kumsema ni mimi peke yangu."

Sikuwahi kufika hapo. Miaka tisa naruka.

Basi nawaonya: kifaili kidogo msikifute, na diski msiipe kazi ya bustani. Mimi nilibahatika tu. Wali siku hizi napunguza maji, ingawa Bwana Waya anasema kofia bado inakaa.